Mtihani wa Tomi

Asiyeona akipita sokoni Malindi na fimbo yake nyeupe, njia humfungukia. Mwenye mkokoteni husimama, mama wa mboga husogeza kapu, watoto huambiwa wapishe. Mimi sisikii, na hakuna anayelijua hilo mpaka aniite mara kadhaa na kuudhika. Uziwi hauna fimbo. Nikipita na Tomi, watu huona mwanamke wa buibui aliyeshika kamba ya mbwa, na katika mji wetu hilo peke yake ni jambo la kugeuzia shingo. Sababu ya mbwa huyo kuwapo hawaioni.

Ndipo huja swali. Askari wa mlangoni, karani wa benki, dereva wa matatu, wote huliuliza kwa namna moja: cheti chake kiko wapi?

Ni swali la haki. Mwenye duka ana haki ya kujua mnyama anayeingia kwake ni wa aina gani, ameshachanjwa au la, ataketi kwa adabu au ataruka juu ya meza. Nimelitafutia jibu kwa bidii, nikazunguka ofisi, nikasoma sheria za kwetu na za wenzetu. Nimefikia kuamini kwamba kinachotukosesha raha Kenya ni kukosa mtihani. Cheti kisichokuwa na mtihani nyuma yake ni wino tu, na nitaeleza kwa nini.

Nilizaliwa nikisikia. Nilikuwa tayari fundi wa cherehani, nina kibanda changu Barani, nilipougua kifua kikuu sugu, kile kisichotibika kwa dawa za kawaida. Wakati ule matibabu yake yalikuwa na sindano za kanamaisini. Dawa hiyo huua vijidudu, na kwa baadhi ya wagonjwa huua pia vinywele vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti, navyo vikishakufa havioti tena. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kanamaisini isitumiwe tena kutibu ugonjwa huo. Mimi nilikuwa nimeshapona, Alhamdulillahi, na usikivu umeshaondoka. Kusema nasema vizuri, midomo naisoma kiasi mtu akinitazama usoni, na Lugha ya Ishara ya Kenya nilijifunza ukubwani pamoja na mamangu, ambaye sasa vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu.

Tomi alikuja kwetu awe mlinzi wa usiku. Alitoka Ganda, kwa mzee mmoja Mgiriama ambaye mbwa wake wanalinda mahindi yasiliwe na nyani. Ni mbwa wa kienyeji kabisa, rangi ya mchanga, mwembamba, masikio yamesimama wima. Hakuna aliyemfunza lolote zaidi ya kulala uani. Lakini binti yangu alipozaliwa, nikawa nashona huku mtoto amelala chumbani, nilianza kuona kitu. Tomi alikuwa akisimama mbele ya cherehani, ananitazama, anakwenda hadi mlango wa ndani, anarudi. Nikiinuka kumfuata, nakuta mtoto analia mpaka uso umewiva. Wakati mwingine niligeuka tu nikaona masikio yake yameelekea lango, na baada ya kitambo mteja anaingia. Hata Magharibi nilianza kuijua kwake, kwa sababu kipaza sauti cha msikiti kikianza, yeye huinua kichwa upande ule kabla sijatazama saa.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma juu ya mbwa wasaidizi.

Wanaojulikana zaidi ni wale wanaowaongoza wasioona. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita Vikuu vya Kwanza. Marekani wakafuata mwaka 1929. Mbwa wa viziwi walichelewa sana. Uingereza, shirika la Hearing Dogs for Deaf People lilianza mwaka 1982. Lililonipa moyo ni kwamba mbwa wa kazi hii hahitaji kuwa mkubwa wala wa ukoo maalumu. Wanaowaongoza wasioona huwa ni wa kuzalishwa makusudi, tena wakubwa, kwa sababu lazima wamvute mtu. Mbwa wa kiziwi anahitaji masikio makini na hamu ya kukimbia kwako kukuambia alichosikia. Ng'ambo wapo waliookotwa barabarani au katika vituo vya mbwa waliotupwa, wakafundishwa, wakafaa.

Kazi yenyewe ina hatua mbili. Sauti ikitokea, mbwa anakugusa. Ukimuuliza kwa ishara ya mkono "nini?", anakupeleka penye sauti: mlangoni, kwa mtoto, kwenye saa ya kuamsha. Sauti ya hatari, kama king'ora cha moshi, ina jibu lake tofauti. Anakugusa kisha analala chini palepale, kwa maana hutaki mbwa akuongoze kwenye moto. Mbwa akiyafanya haya kwa sababu amefunzwa, kila mara, hata akiwa amechoka, hapo ndipo anapoacha kuwa mnyama wa kufugwa nyumbani. Kule kuja kwake cherehanini mtoto akilia kulikuwa kipaji. Kipaji kinakuja siku kinapotaka, na mimi na mtoto mchanga siwezi kuishi kwa kutegemea siku.

Niliwasiliana kwa barua pepe na wenye uzoefu nchi za nje, na wote walinitahadharisha na jambo moja. Mtandaoni kuna tovuti zinazouza vyeti vya mbwa msaidizi. Unajaza jina la mbwa, unatuma picha, unalipa dola, wanakupa cheti chenye muhuri wa dhahabu, kadi na kizibao. Hakuna anayemwona mbwa. Huko Marekani kwenyewe karatasi hizo hazina nguvu yoyote kisheria. Sheria yao ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu haidai cheti hata kidogo. Mwenye duka anaruhusiwa maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefunzwa kufanya kazi gani? Hawezi kudai karatasi, wala kuuliza ugonjwa wa mtu. Ila mbwa akibweka ovyo au akichafua, anaweza kuamriwa atoke, na mwenye mbwa hana la kusema. Uingereza nako, chini ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, teksi haiwezi kumkataa abiria kwa sababu ya mbwa wake msaidizi.

Utaratibu wa Marekani unasimama kwa sababu watu wamemzoea mbwa huyu tangu babu zao. Malindi siwezi kumjibu askari maneno mawili akaridhika, na simlaumu. Hajawahi kumwona hata mmoja. Hapa kwetu lazima uthibitisho uwepo, na uwe wa kweli.

Uthibitisho wa kweli unafanana vipi? Mashirika yaliyo chini ya Assistance Dogs International, muungano wa kimataifa wa wanaofunza mbwa wasaidizi, huwapima mbwa na mtu wake pamoja. Hili nalipenda sana. Hawampi mbwa cheti cha kwake peke yake, kwa sababu mbwa mwenye adabu mikononi mwa mkufunzi anaweza kuharibika mikononi mwa mtu asiyejua kumwelekeza. Wanaowafunza mbwa wao wenyewe nyumbani, kama mimi, hutazama chama cha wenye mbwa wasaidizi, International Association of Assistance Dog Partners, nacho kimeweka kiwango cha chini: saa 120 za mafunzo katika muda usiopungua miezi sita, na kati ya hizo saa 30 ziwe nje, mahali penye watu. Kiwango hicho ndicho tulichokifuata.

Tulianza na sauti. Vitabu vya wenzetu huanza na kengele ya mlango, kwa kuwa kengele haibadiliki, ikilia leo na kesho ni ileile. Nyumba yetu haina kengele. Mgeni wa Malindi husimama nje akaita "Hodi!", na kila hodi ina sauti yake. Ya shangazi ni ndefu, inapanda mwishoni. Ya muuza maziwa ni fupi kama amekanyaga mwiba. Watoto wa jirani hawaiti hata, wanapiga kelele tu. Tulilazimika kumfundisha Tomi neno lenyewe, litoke kinywani mwa yeyote. Mamangu alijificha nyuma ya lango, akaita hodi, na papo hapo mimi nikamzawadia Tomi kipande cha ng'onda. Kisha nikaketi mbali kidogo, zawadi ikawa kwangu, ili ajue kwamba sauti ikisikika njia ya chakula ni kuja kwangu. Kisha mbali zaidi, chumba kingine, nikiwa nimempa mgongo. Tulipomaliza kwa mamangu tukaanza upya kwa shangazi, kwa muuza maziwa, kwa wanafunzi wa chuoni waliopita na mikoba yao. Mtaa mzima ulikuwa ukiita hodi kwetu bila haja ya kuingia. Siku mtu ambaye Tomi hajawahi kumsikia alipobisha, mgeni wa jirani kutoka Mambrui, naye akaja mbio akanigusa, nilijua neno limeingia.

Sauti ya mtoto haikuhitaji kazi kubwa. Saa ya kuamsha ilichukua muda, na kuitwa jina langu kulichukua zaidi, maana Tomi alidhani kila mwanamke anayeitwa mtaani ni mimi.

Mafunzo yote tulifanya alfajiri au baada ya Alasiri. Msimu wa kaskazi lami ya Malindi mchana inaunguza mguu wa binadamu, sembuse wayo wa mbwa.

Sasa niseme juu ya dini, kwa sababu najua wengi wa wanaonisoma Pwani hili ndilo wanalolisubiri. Sisi ni Shafi, na kwa madhehebu yetu mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nimelelewa na hilo na ninaliheshimu. Nilikwenda kwa maalim aliyenisomesha utotoni, nikamwambia kila kitu, nikamwandikia na yale ambayo nilihofu midomo itanipotezea. Aliniuliza mambo mengi. Mbwa analala wapi? Anakula katika chombo gani? Anakugusa kwa nini, kwa pua au kwa mguu?

Swali la mwisho sikuwa nimelifikiria. Mafunzo mengi ya ng'ambo humfundisha mbwa kugusa kwa pua, na pua ya mbwa mara nyingi ni mbichi. Maalim akasema, "Mwanangu, kikavu kwa kikavu hakinajisi. Mfunze akuguse kwa mguu, na mguu uwe mkavu." Tukabadilisha. Tomi huweka mguu wa mbele juu ya goti langu, penye kitambaa cha kazi ambacho nakivaa juu ya nguo na kukivua kabla ya swala. Siku za mvua anasubiri barazani mpaka miguu ikauke, na hapo mamangu huyachukua masikio. Chumba ninachoswalia haingii. Usiku hulala kwenye mkeka kizingitini, akinyoosha miguu, na maalim ndiye aliyenikumbusha yule mbwa wa watu wa pangoni katika Suratul Kahf, aliyenyoosha miguu yake kizingitini vilevile.

Alinieleza pia kwamba hadithi inayosema anayefuga mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku imewatoa mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba, yaani wale wenye kazi, na kwamba Suratul Maida inawataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na walichokamata kikahalalishwa. "Kufunzwa," alisema, "ndiko kulikowatofautisha." Nilimsimulia kisa cha Leicester, Uingereza, mwaka 2008, ambako kijana Mwislamu asiyeona aliruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake, mbwa akatengewa mahali pa kungojea kwenye mlango. Alifikiri, akasema kwake yeye nje ya ukuta panatosha. Nilikubali, na panatutosha kweli. Wako wanazuoni watakaosema tofauti na maalim wangu, kwa ukali zaidi au kwa wepesi zaidi, kwani Wamaliki hata mate hawayahesabu najisi. Kila mwenye haja kama yangu na aende kwa mwalimu anayemwamini, aende na maswali ya chombo, mkeka na mguu, maana huko ndiko jibu linakopatikana.

Kuna hofu nyingine mtaani isiyo ya dini, nayo ni kichaa cha mbwa. Ina msingi. Karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tiba. Kenya imejiwekea lengo la kuumaliza ugonjwa huu unaotokana na mbwa ifikapo 2030, na njia yake kubwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kadi ya chanjo ya Tomi, iliyopigwa muhuri kila mwaka na daktari wa mifugo, ndiyo karatasi iliyonifungulia milango mingi kuliko nyingine yoyote. Naibeba ndani ya mfuko wa plastiki. Mtu akiisoma, mabega yake hushuka.

Upande wangu mimi nina kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, niliyoipata baada ya kupimwa masikio katika hospitali ya serikali. Kwa hiyo mimi nina karatasi ya kuonyesha kwamba ni kiziwi, na Tomi ana karatasi ya kuonyesha kwamba hana kichaa. Karatasi ya kutuunganisha sisi wawili, ya kusema huyu ni masikio ya yule, ndiyo niliyoitafuta ofisi hadi ofisi. Ofisi moja walinipeleka kwenye mifugo. Mifugo wakanirudisha kwenye ulemavu. Karani mmoja kijana alijitahidi sana, akafungua kila droo, akatoa fomu ya leseni ya mbwa, akatoa fomu ya kuomba kiti cha magurudumu, akaziweka mezani mbele yangu akazitazama zote mbili.

Sheria hazituachi mikono mitupu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa kiasi kinachofaa, na ya kupata vifaa vya kumwezesha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, katika kifungu cha 20 unataja msaada wa viumbe hai pamoja na vifaa vya kutembelea. Na Katiba hiyohiyo inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Nimeyanakili maneno haya nikayabandika ukurasa wa nyuma wa daftari langu. Lakini askari wa mlangoni jua la saa sita hasomi Katiba, anatazama mbwa. Mbwa akiwa ametulia, mazungumzo yanakuwa marefu na mazuri. Akivuta kamba, yamekwisha.

Kwa hiyo tuliamua kumpima Tomi wenyewe. Waamuzi walikuwa wawili: daktari wake wa mifugo, na mwalimu mmoja wa watoto viziwi ambaye ananijua kwa ishara na kwa ukaidi. Tulichukua vipengele vya mtihani wa hadharani wa Assistance Dogs International tukavipitia kimoja kimoja. Kushuka kwenye gari bila kuruka mpaka aambiwe. Kukaribia jengo. Kupita mlangoni nyuma ya mtu wake. Kutembea ndani kwa kamba iliyolegea. Kuketi penye sahani ya chakula chini. Kulala chini huku kitu kinaangushwa karibu. Kustahimili kelele ya ghafla. Kutulia chini ya meza ya mkahawa. Kukabidhiwa mtu mwingine, mwenyewe akaondoka, bila kuhangaika. Kutoka, na kupanda gari tena.

Gari letu lilikuwa tuktuk. Kupanda tuktuk na mbwa kwa adabu kunataka ajikunje miguuni pako kabla dereva hajaondoa mguu kwenye breki, na Tomi alilifanya hilo vizuri kiasi kwamba dereva aliomba tulirudie amwonyeshe mwenzake. Mlangoni alipita. Kelele, sufuria ziliangushwa nyuma yake na daktari, alishtuka, akatazama, akarudi kwangu. Wanasema kushtuka si kosa, kosa ni kushindwa kurudi. Kukabidhiwa alipita pia, ingawa alinitazama muda wote.

Kipengele cha kupapaswa kilitutatiza. Kule kilikotungwa, hatari ni kwamba watoto watamkimbilia mbwa kumshika. Malindi hakuna mtoto wa kumkimbilia. Atapiga ukelele akimbie, au atainama kuokota jiwe. Mbwa yeyote wa Pwani anaijua ile inama. Wengi hukimbia, wachache hutoa meno, na mbwa anayetoa meno hata kwa haki yake hawezi kuwa msaidizi sokoni. Mwalimu akapendekeza tukigeuze: mtu ainame ghafla hatua chache mbele ya mbwa, mkono uende chini kama anayeokota. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi tangu mwanzo, shangazi akiinama na kuinuka na ng'onda mkononi, mpaka kuinama kwa mtu kukawa kwake ni habari njema. Siku ya mtihani kijana wa watu aliinama, Tomi akaketi, akamtazama kwa matumaini. Daktari aliandika kwenye karatasi yake kwa muda mrefu. Naamini kipengele hiki ni cha maana kuliko kile tulichokiondoa, na naamini popote watakapotunga mtihani wa Kenya wasikikose.

Kilichomwangusha ni mkahawa. Alilala chini ya meza vizuri, wahudumu wakapita, paka wakapita. Halafu kipande cha samaki wa kupaka kikaanguka, cha kweli, wala hakikuwa cha mtihani, kutoka meza ya jirani. Kilimezwa kabla sijaona. Waamuzi wote wawili walisema hapana, na walisema kweli. Mbwa anayeokota chakula sakafuni anaweza kuokota sumu ya panya, anaweza kuigusa sahani ya mtu ambaye kwake sahani hiyo itahitaji kuoshwa mara saba. Hilo la pili kwetu ni zito, na mwenye mkahawa ana haki ya kulihakikisha kabla hajatuachia meza. Tangu siku hiyo tunafanya kazi ya sakafu kila jioni, samaki chini, Tomi ananitazama mimi, zawadi inatoka juu.

Ninachotaka Kaunti ya Kilifi na Baraza walifanye kinawezekana. Wasijenge shule ya mbwa. Waandae orodha ya vipengele inayolingana na nchi yetu, wamtaje daktari wa mifugo na afisa wa ulemavu kuwa wapimaji, wampime mtu na mbwa wake pamoja kila mwaka siku ya chanjo, na wanaopita wapewe kadi moja yenye picha za wote wawili. Anayeanguka arudi akajifunze. Mbwa mkali asipite hata kama mwenyewe ni mlemavu kiasi gani, kwa sababu mmoja akimuuma mtu sokoni, milango itafungwa kwa wote watakaokuja nyuma yake.

Rasimu ya orodha hiyo tumeiandika, mimi, daktari na mwalimu, kwa Kiswahili, kurasa mbili. Maalim aliisoma akaongeza kipengele kimoja kwa mkono wake: mbwa aweze kungoja amefungwa nje ya nyumba ya ibada, kimya, mpaka mwenyewe atoke. Nakala moja iko kaunti, ya pili iko kwa afisa wa ulemavu, na zote mbili zimegongwa muhuri wa kupokewa.

Tomi atapimwa tena mwishoni mwa Septemba, karibu na tarehe 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kama wewe ni kiziwi au huoni, uko Malindi, Watamu, Mambrui au hata Lamu, na unaye mbwa ambaye ameanza kukufaa, njoo naye. Awe na kadi ya chanjo na kamba isiyozidi urefu wa mkono. Njoo pia na mtu wa nyumbani kwako, kwa sababu kuna kipengele cha kumkabidhi mbwa na tunahitaji mikono anayoifahamu.